Makaratasi ya Kikundi Yakivuka Mpaka

Hotuba kwa wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa vikundi vya uzalishaji

Tuliahidi kuongea juu ya makaratasi. Tunajua makaratasi hayapendezi kama kuongea juu ya ng'ombe wa maziwa. Lakini wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na leo tutaona jinsi mali inavyoweza kupotea hata ukiwa na daftari, kama daftari lenyewe halijulikani kule linakokwenda.

Siku hizi vikundi vyetu vinauza mbali. Wengine wana asali, wengine vyondo, wengine kahawa na makadamia. Mnunuzi wa ng'ambo akitaka kununua tu, mara nyingi hana maswali mengi. Lakini akitaka kufanya biashara ya pamoja nanyi, au mkitaka kufungua akaunti ya benki huko, au kusajili jina la bidhaa yenu, au kumpa mtu uwezo wa kuwawakilisha, atasema: leteni hati za kampuni zilizothibitishwa. Hapo ndipo watu huanza kukimbia huku na huku.

Hebu tuanze na sababu. Hapa nyumbani, ukienda kwa chifu na hakujui, unafanya nini? Unapitia kwa naibu wa chifu. Naibu anakujua wewe, chifu anamjua naibu wake, na D.O. anamjua chifu. D.O. hajawahi kukuona, lakini anaamini sahihi ya chifu. Basi hati ya biashara nayo husafiri namna hiyo hiyo. Karani wa benki kule Dubai hamjui msajili wetu wala wakili wetu. Anaujua muhuri wa ubalozi wa nchi yake. Kwa hivyo lazima hati ipite kwa watu wanaojuana, mmoja baada ya mwingine, mpaka imfikie yule ambaye karani anamjua.

Njia ambayo imetumika hapa Kenya kwa miaka mingi ni hii.

Kwanza, hati yenyewe lazima iwe halali. Kama ninyi ni kampuni, mtahitaji cheti cha kusajiliwa, katiba ya kampuni, na ile karatasi inayoitwa CR12, ambayo huonyesha wakurugenzi na wenye hisa ni akina nani. CR12 huonyesha hali ya siku ile ilipotolewa. Ikiwa ni ya miaka mitatu iliyopita, mnunuzi hataitaka, kwa maana wakurugenzi huenda wamebadilika. Ichukueni mpya.

Pili, mnaenda kwa wakili aliye notari. Angalieni vizuri hapa. Mawakili wengi ni makamishna wa viapo, na watu hudhani ni kitu kimoja. Sivyo. Notari huteuliwa chini ya sheria yake, na ni lazima awe wakili kwa muda usiopungua miaka 5. Yeye hutazama hati ya asili, akailinganisha na kopi, kisha akatia sahihi na muhuri wake. Kama ni hati ya uwakilishi, mtatia sahihi mbele yake, mkiwa na vitambulisho vyenu. Usikubali kuambiwa ati, "acheni tu, tutaweka muhuri baadaye."

Tatu, Msajili wa Mahakama Kuu huthibitisha kwamba huyo notari ni notari wa kweli na sahihi ni yake.

Nne, Wizara ya Mambo ya Nje, Nairobi, huthibitisha sahihi ya afisa wa mahakama.

Tano, ubalozi wa nchi inakokwenda hati huthibitisha sahihi ya Wizara. Nchi nyingine hazina ubalozi hapa, na kazi yao hufanyiwa katika nchi jirani. Balozi nyingine nazo zina utaratibu wao wa kuchunguza hati wenyewe. Kwa hivyo ulizeni ubalozi kabla ya kupanda matatu kwenda Nairobi.

Sasa, mmeona jambo moja? Hakuna muhuri hata mmoja kati ya hiyo unaosema kwamba maneno ya ndani ni mazuri kwenu. Kila muhuri unasema tu, "Huyu aliyetia sahihi kabla yangu ninamjua." Mkitia sahihi hati inayompa mtu uwezo wa kuuza kila kitu chenu bila kikomo, mihuri yote minne itagongwa sawasawa, na hati itafanya kazi sawasawa, na kiwanja cha kikundi kitaenda. Muhuri haugeuzi hati mbaya kuwa nzuri. Isomeni kwanza katika mkutano, kwa lugha ambayo kila mama anaielewa. Iandikwe ni kazi gani mwakilishi ataifanya, katika nchi gani, na mpaka tarehe gani. Kisha azimio liingie katika kumbukumbu za mkutano.

Kuna njia nyingine iliyo fupi zaidi, inayoitwa apostili. Ilitokana na mkataba uliotiwa sahihi mjini The Hague tarehe 5 Oktoba 1961. Nchi zilizo katika mkataba huo zimekubaliana kwamba cheti kimoja kutoka ofisi moja iliyochaguliwa kinatosha, wala hakuna haja ya kupitia ubalozi. Zaidi ya nchi 120 zimejiunga. Kwa jirani zetu, Burundi ilianza kuutumia mwaka 2015 na Rwanda mwaka 2024. Saudi Arabia ilianza 2022, Uchina 2023, na Kanada 2024. Lakini apostili hufanya kazi tu ikiwa nchi inayotoa hati na nchi inayoipokea zote mbili zimo. Kenya kwa miaka mingi haikuwemo, na hiyo ndiyo sababu tumezoea njia ndefu. Kwa vile nchi zinaendelea kujiunga, swali la kwanza kwa Wizara na kwa mnunuzi liwe hili: kwa nchi hii, leo, ni apostili au ni ubalozi?

Swali hili si dogo. Mwaka 2019 tulitembelewa na kikundi cha akina mama wasusi wa vyondo. Walikuwa wamesajili kampuni, na mnunuzi mmoja wa Ulaya alitaka wafungue duka la pamoja huko, kampuni yao iwe na hisa ndani yake. Mnunuzi aliandika kwamba anataka hati zenye apostili, kwa sababu kwao hilo ni jambo la kawaida. Akina mama wakamwuliza broka mmoja mjini. Yule broka hakusema, "Hapa kwetu hakuna." Alisema, "Apostili? Siku tatu." Akachukua shilingi elfu arobaini, tena akachukua vyeti vya asili.

Hati zilirudi zikiwa na karatasi nzuri yenye utepe mwekundu na muhuri wa kung'aa. Mnunuzi alipozipeleka kwa wakili wake, wakili aliuliza jambo moja tu: nchi hii ilijiunga na mkataba lini? Mwaka huo Kenya haikuwamo. Hakukuwa na ofisi hata moja hapa nchini iliyokuwa na uwezo wa kutoa karatasi ile. Ilikuwa ya kughushi kutoka juu hadi chini, na waliokuwa wameituma ni akina mama ambao hawakujua. Mnunuzi akaanza kujiuliza kama hata vyondo ni vya kwao.

Walianza upya, wakapita kwa notari, Mahakama Kuu, Wizara na ubalozi, na hati zikakubaliwa. Lakini mauzo ya Krismasi yalikuwa yamepita, na lile duka likafunguliwa na kikundi kingine kutoka nchi nyingine. Wao wanauza vyondo kwa mnunuzi yule mpaka sasa, lakini hisa hawana. Zile elfu arobaini zilikuwa karo ya watoto wa watu.

Basi tunawapa mambo machache ya kwenda nayo nyumbani.

Mwulizeni mnunuzi aandike anataka hati gani hasa, za lugha gani, na zisiwe na umri gani. Kama atataka tafsiri, kwa mfano ya Kiarabu, ulizeni ifanywe na nani, na kabla ya mihuri au baada yake. Msithibitishe hati kumi kama tatu zinatosha.

Angalieni majina. Ikiwa kitambulisho cha mwenyekiti kina majina matatu na cheti cha kampuni kina mawili, rekebisheni mapema. Herufi moja ikikosekana, hati hurudishwa.

Kumbukeni ninyi ni nani mbele ya sheria. Kikundi kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 si kampuni, na hakina CR12. Chama cha ushirika nacho kina cheti chake. Mwambieni mnunuzi ukweli huo tangu mwanzo.

Malipo ya serikali siku hizi hupitia eCitizen, na kila malipo yana risiti. Mtu akitaka pesa mkononi "ili ziende haraka," ondokeni. Mkimtuma mtu, apewe kopi na barua yenye tarehe ya kurudisha, na kila cheti cha asili kinachotoka kwenye sanduku kiandikwe katika kitabu, na aliyekichukua atie sahihi.

Tena, si kila biashara ya nje inahitaji safari hii. Mama anayevusha mahindi au maharagwe kwenda Uganda au Tanzania, mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani na bidhaa ikiwa katika orodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, huomba cheti rahisi cha asili ya bidhaa pale pale mpakani kwa watu wa forodha. Haitaji notari wala ubalozi. Akiambiwa anahitaji, huyo anayemwambia anatafuta chai.

Kuuliza si ujinga. Kabla ya mkutano wenu ujao, kila kikundi kifungue faili moja: cheti, katiba, majina ya viongozi wa sasa, na kumbukumbu za mkutano zilizotiwa sahihi. Mkija ofisini kwetu na faili hiyo, tutakaa nanyi tuisome ukurasa kwa ukurasa. Kazi ya kusuka, kurina na kuchuma mnaijua kuliko sisi. Tusiache jasho hilo lipotelee kwenye karatasi.

Sasa tupokee maswali.