JUKWAA LINAWATISHIA NINI WAKUBWA?

Vijana wenzangu, mwasema michezo ya kuigiza ni ya watoto wa shule. Haya, mbona polisi huifuata mbio?

Mwaka 1977 wakulima na vibarua wa Kamiriithu, Limuru, walijijengea ukumbi wa wazi kwa mikono yao, wakaigiza Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu. Watu wakafurika. Wiki chache tu, leseni ikafutwa. Mwishoni mwa Desemba mmoja wa waandishi wake, marehemu Ngugi wa Thiong'o, akatiwa kizuizini bila kesi, karibu mwaka mzima. 1982 polisi wakaubomoa ukumbi wenyewe. Ukumbi, jamani! Ulikuwa na bunduki?

Tukadhani hayo yamepita. Aprili 2025 ikawa zamu ya wasichana wa Butere na mchezo wao, Echoes of War. Mahakama Kuu iliamuru waigize. Mwandishi wao, Cleophas Malala, akakamatwa. Kule Nakuru wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka ukumbini. Nje, mabomu ya machozi.

Na sisi? Tiketi ya mpira twanunua tukiimba. Ya mchezo wa kuigiza twauliza kama kuna ya bure. Hata mimi, nakiri.