Chanjo ya Kipindupindu Isingoje Mlipuko: Funzo la Kasulu na Kibondo

Chanjo ya kipindupindu ya kunywa hutolewa kwa dozi mbili, zinazoweza kupishana kwa wiki mbili, na humkinga mtu kwa takriban miaka mitatu. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani (WHO) limependekeza itumike katika maeneo yenye ugonjwa huo, na tangu 2013 iko akiba ya dharura ya kimataifa. Hata hivyo, wakati chanjo ya virusi vya rota na ile ya nimonia zimo katika ratiba ya Tanzania tangu mwishoni mwa 2012, na ile ya HPV tangu 2018, chanjo hii bado huitwa kama zimamoto: nyumba ikishawaka.

Wilaya ya Kasulu, mkoani Kigoma, iliona hayo 2015. Aprili mwaka huo Warundi walianza kukimbia machafuko ya kisiasa, na makumi ya maelfu wakajazana Kagunga, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika. Mei kipindupindu kilizuka. Wagonjwa walioripotiwa walizidi 3,000, na watu wapatao 30 walifariki. Wakimbizi walivushwa kwa meli hadi Kigoma mjini, kisha wakapandishwa mabasi hadi Nyarugusu, kambi ya Kasulu iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. Chanjo ilifika kambini Juni, baada ya vifo hivyo. Oktoba, kambi ya Nduta ilipofunguliwa tena wilayani Kibondo, kipindupindu kilikuwa kimekwisha kuzuka Dar es Salaam na kuanza kusambaa mikoani.

Wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba dawa ya kipindupindu ni maji safi na vyoo, na kwamba chanjo huwalegeza watu na kula fedha za visima. Hoja hii ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo iliyoipa maisha marefu. Ni kweli chanjo haizuii homa ya matumbo wala kuhara damu, na kinga yake ni hafifu zaidi kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Lakini nguzo zake nyingine hazisimami.

Kwanza, hoja hiyo huchukulia kwamba muda upo. Goma, mashariki mwa Kongo, Julai 1994, haukuwepo. Wakimbizi wa Rwanda walipiga kambi juu ya mwamba wa volkano usiochimbika vyoo, wakanywa maji ya Ziwa Kivu, na ndani ya mwezi mmoja watu wapatao 50,000 walikufa, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Mtandao wa mabomba katika vilima vya Kibondo hujengwa kwa miaka, ilhali dozi hutolewa kwa siku chache.

Pili, fedha. Dozi iliyomo katika akiba ya dunia haigeuki bomba. Nchi isiyoiomba haipati kisima badala yake.

Tatu, kulegea. Usafi wa maji nyumbani hudai kazi ya kila siku. Huko Heru Juu, Kasulu, mama mmoja alichemsha maji ya kunywa bila kuambiwa na mtu. Kuni zikilowa mvua, watoto walikunywa ya kisimani vivyo hivyo. Hakuwa amelegea. Kinga iliyomo mwilini ndiyo inayobaki kuni zinapolowa.

Ushahidi ulio bora kwa mabishano haya umetoka Zanzibar, nao unastahili kusomwa na kila mganga mkuu wa wilaya. Mapema 2009 chanjo ilitolewa katika maeneo sita ya Unguja na Pemba, ya mjini na ya shamba. Kati ya watu 48,178 waliostahili, 23,921 walipata dozi zote mbili, yaani nusu tu. Mlipuko uliofuata ukawa mtihani halisi: waliokamilisha dozi walikingwa kwa asilimia 79. Kubwa zaidi, hata wasiochanjwa waliugua kwa uchache kadiri majirani zao waliochanjwa walivyokuwa wengi. Matokeo hayo, yaliyochapishwa 2012, yanavunja dai kwamba kampeni isiyomfikia kila mtu ni kazi bure.

Kizuizi cha kweli ni uhaba. Oktoba 2022 kampeni za dharura duniani zilipunguziwa dozi, kutoka mbili hadi moja, kwa sababu viwanda havikutosheleza mahitaji. Uhaba huo ni sababu ya kupanga mapema na kuchagua maeneo: vijiji vya mwambao wa ziwa, vituo vya kupokelea wakimbizi, kambi, na vijiji vinavyozizunguka, kwa kuwa soko na kijito haviulizi uraia.

Visima vichimbwe na vyoo vijengwe. Hilo halina mjadala. Lakini halmashauri za Kasulu na Kibondo, pamoja na Wizara ya Afya, ziweke chanjo ya kipindupindu katika mipango yao kabla ya mvua za Novemba na kabla ya mkimbizi wa kwanza kuvuka mpaka. Chanjo inayofika baada ya mazishi imechelewa.