Ala Inayonong'ona: Maneno Yetu kwa Wakazi wa Mpakani



Tumezoea kusimama mbele yenu na habari za wizi, magendo na vitambulisho. Leo tumekuja na habari za muziki, na tunaona baadhi yenu mnatabasamu. Tabasamuni, ila mtusikilize.

Ugomvi mwingi tunaoitiwa hapa mpakani haukuanzishwa na uadui, bali na kusubiri. Lori limesimama tangu alfajiri, ndizi zinaiva juani, mwenye mzigo hakomi kupiga simu, na baa mbili zilizopakana zimefungulia spika zinazoshindana. Hapo neno dogo latosha. Juzi tuliwaachanisha madereva wawili walioshikana mashati kwa sababu ya hatua tatu za foleni. Mmoja ni wa upande huu, mwingine wa ng'ambo; punde kila mmoja alikuwa na wenzake wa nchi yake nyuma yake, na mawe yalikwisha kuokotwa. Nasi tukiri: tulifika tukifoka kuliko wao, na kufoka kwetu kukauchochea moto.

Usiku ule, tukiwa tumechoka, mwenzetu mmoja mwenye umri alitoa simu yake akatuwekea inanga. Wengi wetu hatukuwa tumeisikiliza tangu utotoni.

Wageni wetu huenda hawaifahamu. Ni ubao uliochongwa ukawekwa bonde katikati, na juu yake umepitishwa uzi unaokwenda na kurudi mara kadhaa. Hapa Burundi mpigaji haimbi kwa sauti, ananong'ona. Mnong'ono hauna sauti ya kupanda wala kushuka, lakini kwa kuwa nyuzi zinapanda na kushuka pamoja na maneno, sikio hudhani kwamba mtu yule anaimba. Sharti lake ni moja tu: waliopo wanyamaze. Anayezungumza huwakosesha wote. Kwa hiyo chumba kizima hutulia, pumzi hushuka, na hakuna aliyeamrishwa. Sisi ambao kazi yetu ni kuamrisha tulilitafakari sana jambo hilo.

Walio upande wa Kongo watatuuliza kuhusu rumba, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2021. Tunaipenda. Sehemu yake ya mwanzo, ile ya mashairi ya mapenzi yanayokwenda polepole, inafaa kabisa kwa jioni. Sebene ikianza, hapo tena hakuna anayepumzika, na majirani hutupigia simu!

Wenzetu Waswahili, wa Buyenzi na wa Rumonge, na ndugu zao wa Kigoma, wanalo shairi. Mshororo wa kawaida una mizani 16, nane upande huu na nane upande ule, na katikati pana kituo. Kituo hicho ni mahali pa kuvuta pumzi. Ukilisoma mbiombio, vina hupotea na maana huchanganyika. Tumeanza kusomeana ubeti mmoja kabla ya zamu ya usiku. Mara ya kwanza tulichekana. Sasa asipokuwapo msomaji, kuna wanaomuulizia.

Kuhusu filamu tuna machache. Vibanda vyetu huonyesha mapigano tangu asubuhi, na vijana hutoka wakirushiana mateke. Tungependa wenye vibanda waonyeshe pia kichekesho kama «Gito l'ingrat» ya Léonce Ngabo, ya mwaka 1992, filamu ndefu ya kwanza ya Burundi, inayomcheka msomi arudiye kutoka Ulaya akiutaka uwaziri.

Hatudai kwamba wimbo utaifupisha foleni. Foleni ina sababu zake, na malalamiko yenu kuhusu karatasi tumeyafikisha. Wala dereva aliyekesha asijiwekee muziki wa kubembeleza akiwa kwenye usukani, asimame, alale.

Tunaomba mawili. Wenye baa za kando ya foleni, teremsheni spika ikifika saa mbili usiku. Tutapita wenyewe, bila filimbi, kuzungumza nanyi. Na Ijumaa jioni uwanja wa kituo utakuwa wazi kwa watu wa pande zote mbili. Mwenye inanga aje nayo, mwenye shairi alilete. Mikeka ipo. Kipaza sauti hatutaweka.