Picha ya Bwana Brunel na Minyororo

Wasikilizaji wetu, jioni hii twawaomba mwitazame pamoja nasi, kwa macho ya moyo, picha iliyopigwa na Robert Howlett huko Millwall, London, mwaka 1857. Amesimama humo fundi mkuu Isambard Kingdom Brunel: kofia ndefu kichwani, sigara kinywani, mikono mifukoni, na suruali ina matope. Nyuma yake yaonekana minyororo minene ajabu.

Minyororo hiyo ilikuwa ya kuizuia merikebu Great Eastern isiteremke kwa kasi itakaposhushwa katika mto Thames. Urefu wake ulikuwa futi 692. Mabamba yake ya chuma yaliunganishwa kwa ribiti zipatazo milioni tatu, zilizotiwa motoni hata zikawa nyekundu, kisha zikapigwa kwa nyundo za mkono.

Tarehe 3 Novemba 1857 walijaribu kuishusha. Merikebu ilistuka ghafula. Mtambo wa kuzuilia mnyororo ukazunguka kwa nguvu, mipini yake ikawarusha watu. Wengine waliumia, na mauti yakatokea. Haikuelea hata tarehe 31 Januari 1858. Brunel akafariki mwaka 1859, asiione mwaka 1866 ikitandaza waya wa simu chini ya bahari, toka Ireland hata Newfoundland.

Wahenga walinena, mkono mmoja haulei mwana. Wala hauundi merikebu. Basi enyi wanafunzi, kila mwonapo picha ya kazi kubwa, ulizeni: Je, wapiga nyundo wako wapi?