Motokari yetu haiyakufa

Maneno tuliyosema mbele ya mkutano wa wamemba, Bunia



Wengi wanauliza: ile Noah ya association iko wapi, na mambo ya asiranse yaliishaje? Mko na haki ya kujua, maana ilinunuliwa na michango yenu. Tutasema yote, hata makosa yetu.

Mnakumbuka kamio iliyotugonga nyuma kwenye barabara ya Iga-Barrière, tukitoka kuchukua mbatata za wenzetu waliorudi mashambani. Tunashukuru Mungu, hakuna aliyekufa. Polisi wa rulaji waliandika PV: kosa ni la kamio. Basi asiranse ya kamio ndiyo ilipaswa kulipa. Sheria yetu, Kodi sivile, kitabu cha tatu, artikle 258, inasema wazi: mwenye kumharibia mwingine kwa kosa lake, alipe.

Ekspere wao alikuja, akaitazama, akaenda. Barua ikafika: motokari ni hasara kamili, haifai kutengenezwa. Chukueni dola 2 000, na mabaki tutayabeba sisi. Fundi wetu akacheka: "Hii haiyakufa! Iko mugonjwa tu."

Wenzetu wawili walikuwa tayari kutia sahihi. Kweli, dola 2 000 ni pesa. Lakini kwa bei ile utapata Noah gani hapa Bunia? Na mama mwenye uchungu usiku, tutampandisha juu ya nini?

Hapo tulijifunza jambo moja. "Hasara kamili" ni hesabu, si habari ya chuma. Wanaweka namba mbili: thamani ya motokari kabla ya ajali, na bei ya kuitengeneza. Ya pili ikipita ya kwanza, wanasema imekufa. Basi usibishane juu ya chuma. Uliza zile namba mbili zimetoka wapi.

Tuliuliza kwa maandishi. Kutengeneza, walihesabu 2 900, vipande vipya tupu. Fundi wetu aliandika devi ya 2 300, na vipande vya okazio kutoka Kampala. Lakini angalieni: hata devi yetu ilipita ile 2 000 yao. Kwa hiyo ilifaa kuvunja namba ya kwanza. Tukaenda kwa wauzaji watatu hapa mjini, tukaomba bei kwenye karatasi, Noah ya mwaka ule ule. Walituandikia kati ya 4 500 na 5 000. Hapa motokari inalipiwa safari yote, Mombasa, Kampala, mpaka duane ya Mahagi.

Tulipeleka karatasi zote biro kwao, pamoja na picha na PV, na kopi yetu wakaipiga muhuri wa kupokea. Tuliomba ekspere wa pili. Tukaandika pia kwamba tusipopatana, tutaandikia ARCA, mamlaka ya serikali inayosimamia makampuni ya asiranse. Hatukutukana mtu.

Wiki ya tisa walikubali 2 300. Leo Noah inatembea.

Sasa makosa yetu. Karte roze ilikuwa bado kwa jina la aliyetuuzia; tulipoteza wiki mbili kwa ajili ya hiyo. Na dola 240 tulizokodisha usafiri wakati ule hazikurudishwa. Zilitoka kwenye kesi yetu, na mweka hazina ameziandika kwenye kitabu. Njoeni muangalie.

Ninyi wenye pikipiki na motokari, tunawaomba: badilisheni karte roze leo, si kesho. Na ukipata barua ya asiranse, usitie sahihi kwenye kitansi ya mwisho ukiwa peke yako. Ukisha kusaini, mlango umefungwa. Ilete kwanza hapa, tuisome pamoja.