Mngurumo Si Nguvu

Msikilizaji, usiku wa Jumamosi, Nairobi au Dar es Salaam, Subaru ya turbo utaijua kabla hujaiona. Mngurumo wake wa kukatakata umewapeleka vijana wengi gereji na ombi moja: fundi, toa sailensa, weka bomba nene, gari lipate nguvu. Nami nayapenda magari hayo, na kwa sababu nayapenda nasema wazi: mara nyingi kinachonunuliwa pale ni kelele.

Tuingie ndani ya injini. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda hutema moshi mara 50 kwa sekunde. Moshi huo hautiririki kama maji ya mfereji. Hutoka kwa vishindo. Kishindo kikifika pale mabomba yanapoungana, wimbi la kufyonza hurudi nyuma mpaka kwenye valvu. Likiwahi valvu ya moshi kabla haijafunga, na ile ya hewa imeanza kufunguka, litatoa moshi uliobaki na kuvuta hewa mpya ndani. Ni kama daladala kituoni: wa kupanda hawapati nafasi mpaka wa kushuka wamalize. Tofauti ni kwamba hapa milango yote miwili hukaa wazi pamoja kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ndiyo maana urefu wa bomba hupigiwa hesabu: refu husaidia injini ikizunguka polepole, fupi ikizunguka kwa kasi.

Na unene? Bomba jembamba mno huikaba injini koo. Nene mno, moshi hupoteza kasi, wimbi hudhoofika, na gari huwa zito kuondoka kwenye mataa. Gari la turbo lina hesabu yake: baada ya turbo, bomba pana husaidia kweli. Lakini hapo kompyuta ya injini nayo lazima ipangwe upya, la sivyo shinikizo la turbo huweza kupanda kupita kiasi na kuiharibu injini.

Sasa turudi kwenye ule mngurumo. Katika Subaru nyingi za turbo, turbo imekaa upande mmoja, kwa hiyo mabomba yanayotoka kwenye silinda hayalingani urefu. Vishindo hufika bila mpangilio, nasi tunaviita muziki. Mwaka 2003, Subaru ilipotoa Legacy mpya nchini Japani, matoleo ya turbo yalipewa mabomba yaliyolingana ili vishindo viifikie turbo kwa zamu. Turbo ikaitikia mapema zaidi, na mngurumo ukapotea. Subaru wenyewe, walipoitafuta nguvu, waliiacha sauti.

Basi kijana, kabla ya msumeno kugusa bomba, muulize fundi: nguvu itaongezeka kwa kiasi gani, na tutaipimaje? Akikujibu kwa kukanyaga mafuta ili usikie, weka pesa yako mfukoni. Na yale masega ya kusafisha moshi yaliyo ndani ya ekzosi usikubali yatolewe. Kazi yake ni kuigeuza kaboni monoksaidi, gesi inayoua, kabla haijatoka nje. Ukiyatoa, atakayeivuta sumu hiyo kwenye foleni ni dereva wa bodaboda aliye nyuma yako, pamoja na mtoto aliyempakia.