Sanduku Lenye Funguo Tatu
Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa



Sisi tulioandaa hotuba hii ni watu wa darasa la saba. Tukikosea lugha mtuvumilie. Ila hesabu hatukukosea. Zimebandikwa pale ukutani, kila mtu akasome.

Tulianza mwaka 2015 tukiwa akina mama 14. Mwenzetu mmoja, fundi wa kushona, alikopa kwa mkopeshaji wa mtaani, siku ikafika hana, akachukuliwa cherehani kwa deni la shilingi 60,000. Jumapili ile baada ya ibada ya pili watu walikuwa nje wanapigania mnada wa sadaka, huyu kuku, yule mkungu wa ndizi. Yeye alikaa kwenye benchi analia. Tukachanga palepale. Cherehani ikarudi. Ndipo mzee mmoja wa kanisa akatuambia, "Akina mama, leo mmechanga kwa sababu mmeona machozi. Je, yule asiyelia mbele za watu?" Swali lile ndilo lililoanzisha kikundi hiki.

Utaratibu wetu mnaujua. Tulianza na hisa ya shilingi 2,000, sasa ni 5,000. Kila kikao mtu anatoa pia 1,000 ya mfuko wa jamii. Fedha zinahesabiwa mezani kwa sauti, wote tunasikia, zinafungiwa sandukuni. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo wanashika akina mama watatu wanaokaa nyumba tofauti. Mkopo una wadhamini wawili. Mwisho wa mwaka tunagawana. Mtindo huu wa kuweka na kukopa vijijini ulianza nchini Niger mwaka 1991, kwa akina mama kama sisi wasiokuwa na benki, ukasambaa mpaka huku kwetu. Ilipotoka sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018, nasi tukaenda kujisajili kama inavyotakiwa.

Tulipofanya semina, Mchungaji alitusimulia jambo lililotufurahisha sana. Alisema mwaka 1523, huko Ujerumani, washarika wa mji mdogo unaoitwa Leisnig waliweka kasha la pamoja ndani ya kanisa, la kusaidia yatima, wazee na wasiojiweza, na kuwasaidia mafundi walioanguka kwenye kazi zao. Luther mwenyewe aliwaandikia utangulizi wa utaratibu wao. Na kasha lile lilikuwa na kufuli nne, na funguo zilishikwa na watu wa makundi mbalimbali. Tukacheka tukasema, kumbe hata Wajerumani hawakuaminiana! Mchungaji akasema hapana, zile kufuli ni za kumlinda anayeshika fedha, asijaribiwe na asisingiziwe. Tangu siku hiyo hakuna anayeona aibu kuhesabiwa.

Sasa, ndugu zetu, sherehe si ya kujisifu tu. Tulikubaliana katika kikao kwamba tuseme na kosa letu, lisisemwe uani.

Mwaka 2018 mwenzetu mmoja, mama lishe, alikosa vikao vitatu mfululizo. Kila kikao katibu aliita jina lake, kimya. Tukaandika faini 1,000. Tukaimba, tukafunga sanduku, tukaenda zetu. Kikao cha nne tukawatuma wadhamini wake wakadai rejesho. Alikuwa amepanga chumba cha uani, upande wa Gerezani. Hapa na pale, mwendo wa dakika kumi kwa mguu.

Wakamkuta kitandani, amekonda, hawezi kukaa. Pembeni yake jirani, mama wa Kiislamu, anamnywesha uji kwa kijiko. Kwa wiki tatu mama huyo alikuwa anamwogesha, anafua nguo zake, na watoto wake wawili wanakula kwake. Hakuwagombeza. Aliwaambia tu, "Ninyi ndio wenzake wa kanisani? Alikuwa anawasubiri." Na wao mkononi wameshika daftari la faini.

Tulimpeleka hospitali siku hiyohiyo. Alikaa siku kumi na moja, Bwana akamtwaa. Mfuko wa jamii ukatoa fedha ya jeneza haraka sana, hata saa moja haikupita. Fedha ya dawa haikutoka kwa wiki tatu, kwa sababu hakuna aliyekwenda kuuliza. Jamani, hilo tunalibeba mpaka leo.

Marehemu aliacha deni la shilingi 85,000. Wengine tukasema wadhamini walipe, ndiyo kanuni. Mwenzetu mmoja akasimama akauliza, "Kwenye mafundisho ya kipaimara tulifundishwa nini kuhusu amri ya saba?" Tukajibu, usiibe. Akasema, "Na maelezo yake?" Tukanyamaza. Akatukumbusha kwamba katika Katekisimu Ndogo, Luther hakuishia kusema usimwibie jirani. Alisema pia tumsaidie jirani mali yake na riziki yake vipate kuongezeka na kulindwa. Akasema, "Basi sisi tumeiba. Tulikaa na sanduku limejaa na mwenzetu anakufa njaa." Hakuna aliyepinga. Lile deni tukaligawana wote kwenye mgawo wa mwaka ule.

Ndipo tukaandika kanuni ambayo ipo ukurasa wa kwanza wa katiba yetu: mtu akikosa kikao kimoja bila taarifa, wawili waende kwake kabla ya kesho jioni, na faini isiandikwe mpaka ameonwa kwa macho. Tunaiita "macho kwanza, kalamu baadaye". Na yule jirani yuko hapa, safu ya mbele. Hapendi tumtaje jina. Wale watoto wamekulia kwake, na ada yao ya shule tumeshirikiana naye mpaka leo.

Kanuni ile ilipimwa kwa moto. Usiku wa Jumamosi tarehe 10 Julai 2021, soko letu kubwa la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, liliungua. Kesho yake tulikuja ibadani wengine nguo zinanuka moshi. Wenzetu wanne walikuwa na vizimba mle, na wote walikuwa wamekopa sandukuni. Mmoja hakuokoa hata mizani.

Hatutasema uongo kwamba tulipendana tu siku ile. Tuligombana mpaka giza likaingia, mlinzi akaja kutuuliza kama tunalala kanisani. Wengine walisema fedha yetu imeungua pamoja na soko. Wengine walisema tukiwabana, watakimbilia kwa wakopeshaji, ile mikopo watu wanayoiita kausha damu, na hapo hatutapata fedha wala hatutawapata wao. Mwisho tukapiga kura. Marejesho ya wanne wale yakasimama miezi sita bila riba. Mgawo wa mwaka ule ukawa mdogo kuliko yote. Wawili wakatoka kwenye kikundi. Hatuwalaumu, nao walikuwa na ada za watoto.

Je, ilikuwaje? Watatu wamelipa yote. Wa nne alirudi kwao mkoani, na kila mwezi anatuma shilingi 10,000 kwa simu. Amebakiza kidogo. Hakuna aliyemfuata.

Na tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi, ghorofa likaanguka hapa Kariakoo, watu wakafukiwa humo. Jumapili yake hatukufanya kikao. Tulifungua mfuko wa jamii, tukanunua unga, sukari na maji, tukapika uji pamoja na majirani zetu wa uani, sufuria zao na kuni zetu. Tukawapelekea waliokuwa wanangoja habari za ndugu zao. Wengi hawakuunywa. Walitaka mtu wa kukaa naye tu. Basi tulikaa. Hatukuuliza huyu wa dini gani.

Wazee walitufundisha kwamba jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza waliokaa hapa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo tangu zamani hapa ni mahali pa wabeba mizigo. Na Mtume Paulo, Wagalatia sura ya 6, anatuagiza tuchukuliane mizigo. Mizigo mingine haiko kichwani, haionekani mpaka uingie chumbani kwa mtu.

Tunamaliza kwa maombi matatu. Kwanza, akina mama vijana, mkopo wa simu unaopatikana dakika mbili unalipwa kwa usingizi wa miezi. Njooni kwenye sanduku. Pili, majirani zetu watatu wa Kiislamu wamejiunga na mfuko wa jamii tu, kwa kuwa mambo ya riba dini yao hairuhusu. Tunaomba wengine nao wakaribie, mlango uko wazi. Tatu, Baba Mchungaji, tunaomba kila mtaa wa usharika uwe na watu wawili wa kugonga milango siku ya Jumatatu, wawatafute wasioonekana Jumapili. Tusingoje kuwasoma kwenye matangazo ya misiba.

Leo tuko 31. Wenzetu watatu wametangulia mbele za haki, na tunaomba tusimame dakika moja kuwakumbuka.

Sasa wenye funguo wasogee mbele, tuhesabu. Chakula kiko tayari, wali na nyama, na kimepikwa na mama lishe wetu wenyewe, kwa hiyo asiondoke mtu na njaa.